Kitufe Ambacho Mama Hakukiona

Saa mbili asubuhi, mwanamke anayeitwa Gumba amekwisha kuzipanga simu kumi na saba mezani. Hakuna hata moja mpya. Moja betri yake imefungwa kwa mpira, nyingine kioo kimepasuka kutoka pembe hadi pembe.

"Hizi ndizo simu za watu," anasema. "Zile mpya ni za matangazo."

Wenzake katika kampuni ya kutengeneza tovuti walimbandika jina hilo kwa sababu huijaribu kila tovuti kwa kidole gumba kimoja tu, mkono wa pili umebeba mfuko, kama mtu aliye njiani. Tovuti haifunguliwi kwa umma mpaka Gumba aguse kila kitufe na kutia saini.

Leo ni zamu ya tovuti ya hospitali, ya kuomba miadi ya daktari. Inafunguliwa kesho. Programu ya kompyuta inayoigiza aina arobaini za simu imeshaipitisha. Imebaki saini.

Gumba anaichukua ile iliyopasuka. Ilikuwa ya mama yake, na herufi zake zimekuzwa mpaka mwisho. Anajaza jina, anajaza tarehe, anashuka chini. Kitufe cha kuthibitisha hakipo. Herufi kubwa zimekisukuma nje ya kioo.

"Mbona kwenye kompyuta kipo, dada?" anashangaa fundi aliyeijenga.

"Kompyuta haijawahi kuumwa macho, kaka."

Meneja, aliyewasikia akiwa mlangoni, anaingia amekunja uso. "Gumba, tia saini bwana! Watu wa hospitali wananipigia tangu asubuhi. Hicho kitufe tutakirekebisha wiki ijayo."

"Sitii."

Anamkabidhi simu. "Thibitisha miadi yako, bosi."

Meneja anapandisha, anashusha, anageuza simu ubavu. Mwandishi wa makala haya naye alijaribu, akaambulia patupu. "Kiko wapi?" anauliza meneja.

"Mama yangu hata hakuuliza," anajibu Gumba.

Miaka miwili iliyopita, mama yake aliomba miadi ya macho kwenye tovuti nyingine. Alijaza kila kitu, hakuona kitufe, akadhani amemaliza. Siku ilipofika, jina lake halikuwemo. Akaambiwa asubiri miezi mitatu. Jicho la kushoto halikungoja, likapofuka.

"Alijilaumu. Akasema, 'Mwanangu, nimezeeka, mambo yenu siyawezi.' Nikalia. Ile tovuti niliipitisha mimi, kwa kompyuta peke yake, nikiwahi kumaliza. Saini ilikuwa yangu."

Je, alimwambia mama yake?

"Siku hiyo hiyo. Majuto ni mjukuu, lakini kumficha mama ningeweza wapi?"

Meneja anairudisha simu mezani taratibu. "Fundi, kirekebishe sasa hivi," anasema. Inachukua dakika arobaini. Gumba anajaribu tena simu zote kumi na saba, ndipo anatia saini.

Sasa ana mpango. Ameomba chumba cha mikutano kila Jumamosi, wazee wa mtaani waje na simu zao wajaribu tovuti kabla hazijafunguliwa. Sita wamekwisha kujiandikisha. Wa kwanza ni mama yake, na tunampigia kumuuliza kama ataweza.

"Heri kufa macho kuliko kufa moyo," anacheka bibi huyo. "Mwambieni mwanangu asiniandalie kitufe kikubwa kwa upendeleo. Nakuja kumkagua."