Udongo wa Ukuta wa Msikiti

Vijana wamemwagia maji lundo la udongo wa kichuguu, na ile harufu imenifikia kabla sijavua viatu. Saruji waliyopiga mwaka jana imebanduka yote kwenye ukuta wa msikiti wetu wa zamani. Wazee wamekubali tujaribu udongo mara moja. Udongo ukikataa kushika, msikiti utavunjwa, ujengwe wa matofali.

Zamani, nilikuwa nafika kiunoni mwa bibi yangu. Kila baada ya mavuno wanaume walipanda kuezeka, na sisi wanawake tulikandika kuta. Bibi alikanyaga tope, akatia mchanga wa mtoni, kisha akachota kidogo kwa kidole na kuweka ulimini.

“Bibi, mbona unakula msikiti?”

Wanawake walicheka hadi mmoja akamwaga ndoo yake ya maji. Bibi hakucheka. Alinipaka tope ulimini.

“Linateleza?”

“Linateleza.”

“Basi likikauka litapasuka. Tunaongeza mchanga. Mchanga ukianza kulia kidogo kwenye meno yako, niambie.”

Nilionja na kuonja, mate yakawa mekundu. Niliposema tayari, hakuonja tena. Aliwaambia wenzake waanze kukandika.

Sasa kijana mmoja amenielekezea simu, ananirekodi.

“Mama, mchanga tuweke ndoo ngapi?”

Sijui ni ndoo ngapi. Nainama, nachota kidogo, naweka ulimini. Binti mdogo wa kijana huyo, aliyesimama kando yake, ananitazama, kisha anasogea na kufungua mdomo.