Chupa Yenye Picha ya Jogoo

Ijumaa, saa kumi na moja na robo jioni. Nimerudi kutoka shule nimevimba kwa wivu. Kesho kwenye maonyesho ya sayansi, mwenzangu Atupele ndiye atakayeeleza dawa yetu ya majani inayozuia kokoa kuoza mtini. Bango lina picha yake peke yake, meno yote nje. Mchanganyiko niliupata mimi! Ila mimi nikisimama mbele za watu sauti inakauka. Mwalimu wa baiolojia ametuonya tusiutaje mpaka ombi la hataza, yaani haki ya mvumbuzi, lipelekwe, maana kitu kikishajulikana hadharani hakihesabiki tena kuwa kipya. Tukiwa tunaanua kokoa na Bibi nikamwambia, kesho nitautaja wote, wajue mwenye akili ni nani.

Bibi hakunigombeza.

"Mwanangu, umenikumbusha siku moja kule Makwale, nikiwa msichana kama wewe. Nilikuwa na dawa ya kideri cha kuku, nimeihangaikia mwenyewe. Anayesifiwa dada yangu, kwa kuwa ndiye aliyeiuza. Roho ikaniuma! Sokoni nikapaza sauti, nikataja majani yote na namna ya kuyapika. Walivyonipigia makofi, wee! Baadaye nikaona kule Kasumulu wanauza dawa kwenye chupa zenye picha ya jogoo. Nafungua moja, harufu ileile. Wateja wetu wote wakahamia huko. Dada akaniambia, 'Haya, tafuta jina lako hapo.'"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kwenye hilo ombi, jina lako limo?"

"Limo, Bibi. Yetu yote mawili."

"Basi picha mwachie, mwanangu. Wivu nao usikae nao tumboni, mwambie Atupele mwenyewe, bango lingine mpigwe picha wote wawili. Lakini andikisheni kwanza. Watu waonyesheni kokoa isiyooza, majani wasiyajue. Anayetaka kuitengeneza, aje mpatane, awalipe wote wawili. Kyala akusaye, Mungu akubariki, akupe na sauti siku utakayoihitaji."

"Ndaga, Bibi," nikashukuru, lakini bado nilikuwa nimenuna.

Jumamosi asubuhi, kwenye maonyesho. Bwana mmoja mwenye kofia amemuuliza Atupele, "Binti hodari, humu mmechanganya nini?" Atupele, kwa kusifiwa, akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Tukishaandikisha, tutakwambia," nikasema, kwa sauti yangu hii hii ndogo.

Kisha nikabaki nimesimama palepale mbele ya bango, nikaiziba picha yake kidogo.