Mashindano ya Kuanguka

Nimezaliwa Iringa, nimeolewa Mbeya, na katika miji yote miwili sijapata kumwona mtu mwenye akili zake akishuka kwenye gari linalokwenda. Kwa hiyo mume wangu aliponiambia Jumamosi tunakwenda kutazama watu wanaojirusha kutoka kwenye ndege kwa miavuli, nilidhani ananitania.

"Ni mashindano, mama," alisema. "Chini kunawekwa alama. Atakayetua karibu nayo ndiye mshindi."

"Kwani hiyo ndege ina ubovu gani hata waikimbie?"

Alikuwa ameshanunua miwani ya jua.

Uwanja ulikuwa malisho ya ng'ombe, mbele kidogo ya Uyole. Katikati walitandika kitambaa cheupe. Baridi ya Julai ilikuwa inauma na upepo unatumwagia vumbi machoni. Sisi tulisimama nyuma ya kamba. Wakubwa walikaa chini ya turubai, kwenye viti vyenye mito. Mgeni rasmi alikuwa hajafika, basi mshereheshaji akashika kipaza sauti na kutuomba tuipigie ndege makofi. Ndege yenyewe ilikuwa imeegeshwa. Watu wakapiga. Mume wangu naye akapiga, mtu mzima mwenye wajukuu.

Mgeni rasmi alipofika, alifunguliwa mlango wa gari, akashikwa mkono avuke kijitaro, kisha akatuhutubia juu ya kuthubutu.

Hatimaye ndege ikapaa. Wa kwanza alitua mbali na kitambaa, wa pili mbali zaidi, na kila mara mshereheshaji alituambia, "Amekaribia kabisa." Aliyesubiriwa hasa alikuwa kijana mmoja aliyevaa nguo za kung'aa, ambaye tangu asubuhi alikuwa akipiga picha na kila mtu, na bila kuombwa. Upepo ulimchukua kama mfuko wa plastiki, ukampitisha juu ya vichwa vyetu, ukamtupa ng'ambo ya barabara katika shamba la kabichi.

Sijui nani alianza. Kamba ilikatika, na watu wote wakakimbilia huko wakipiga kelele, simu juu, wakubwa wa turubai nao humohumo. Mume wangu, ambaye goti humzuia kwenda hata dukani, alinipita mbio. Mimi sikuondoka. Sikuja pale kutazama kabichi.

Hapo ndipo nilipoinua macho nikaona mwavuli mmoja bado uko juu. Ulizunguka polepole, ukauacha upepo upite, ukashuka tena. Aliyening'inia alikuwa mwanamke. Aliweka miguu yote miwili katikati ya kile kitambaa cheupe, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake. Mwamuzi mmoja tu ndiye aliyekuwa amebaki. Mshereheshaji alikuwa anatangaza habari za shambani.

Nikapiga makofi. Makofi ya mtu mmoja katika uwanja mtupu yana aibu yake, lakini sikuacha. Alinijia akiwa amekumbatia mwavuli wake.

"Shikamoo, mama. Watu wamekwenda wapi?"

"Marahaba. Wamekwenda kumtazama aliyekosea."

Alicheka kidogo, akakaa chini kuukunja mwavuli. Nikamshikia upande mmoja.

Kombe alipewa yeye, hilo hawakuwa na namna ya kulikwepa. Lakini watu walipiga picha pamoja na yule kijana, na mgeni rasmi alimpa pole ndefu kuliko hotuba.

Mume wangu alirudi na majani ya kabichi kwenye soli. Alinisimulia kwamba mwenye shamba, bibi mmoja, alikuta kabichi zake zimepondwa na miguu ya watu, akaukalia mwavuli wa yule kijana akakataa kuinuka. Watu walimcheka. Yeye pia alimcheka, na alikuwa bado anacheka aliponiambia.

"Umekosa mambo," akasema.

Sikumweleza nilichokiona. Hakustahili kukisikia.