Mashina Kumi na Moja ya Lusini

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi ile nilipoinua macho kwenye lango la kumpokea mgeni wa wilaya, nikaona lusini yangu inaning'inia kati ya migomba, na mizizi yake, na udongo wake.

Ingekatwa tu ningenuna nikanyamaza, kwa sababu lusini ukiikata inachipua. Iling'olewa!

Lusini ni majani ya ng'ombe. Ng'ombe akiyala anatoa maziwa hata kipupwe. Lakini kwetu mlimani, juu ya Lukozi, ukungu uliyaletea madoa yakapukutika. Ng'ombe wangu mmoja akakauka maziwa, na mwanangu alikuwa hana jino la kutafunia makande.

Bwana shamba akaniomba kitalu nyuma ya nyumba. Akapanda aina nyingi za lusini, kisha akaloweka majani yenye ugonjwa kwenye ndoo na kunyunyizia maji yake kwenye yale mazima, apate kujua aina ipi itahimili. Jirani yangu akapita, akashika kiuno.

"Mghoshi huyu, mwanamume mzima, anayaloga majani, na wewe mwenye shule unamshikia ndoo!"

Nilishika ndoo misimu miwili. Karibu yote yalikufa. Mashina kumi na moja tu yakabaki kijani, kama hayajasikia habari za ugonjwa. Bwana shamba akayafunga uzi mwekundu, akaniahidi mbegu yake ya kwanza itakuwa yangu, inayofuata ya kijiji.

Sasa mwenyekiti wa kijiji. Ni baba mdogo wa mume wangu, kwa hiyo hata nikitaka kumng'ata lazima nianze na salamu.

"Shikamoo, baba. Nani kang'oa majani yangu?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi. Ulitaka mgeni apite chini ya majani yenye ukurutu? Hayo ndiyo pekee yaliyokuwa safi."

"Na uzi mwekundu hukuuona?"

"Niliuona. Nikasema, mama huyu ana akili, ameshayapamba."

"Na mizizi je?"

"Yasinyauke kabla ya hotuba."

Nikavuta benchi la wageni, nikapanda na mtoto mgongoni, nikaanza kuchomoa. Ndipo Landrova ikafika. Mgeni akashuka, akanikuta huko juu, majani mikono miwili, mtoto anapiga mayowe. Akadhani ndiyo mapokezi yenyewe. Akapiga makofi! Kwaya ya shule iliposikia makofi ikaanza wimbo. Mwenyekiti akatabasamu kama mtu aliyekalia siafu.

Sikungoja hotuba. Nilikimbia nyumbani, nikayafukia yote, nikamwagilia. Kufika Jumatatu manne yalikuwa yamekufa. Saba yalikuwa bado yanafikiria.

Siku hiyo hiyo nikapeleka barua ofisi ya kijiji. Mpokeaji wa malalamiko alikuwa mwenyekiti mwenyewe. Aliisoma mbele yangu, akaigonga muhuri, na barua ilikuwa hii:

"Ndugu Mwenyekiti, shikamoo.

YAH: KUNG'OLEWA KWA LUSINI

Ninakulalamikia wewe. Umeng'oa mashina kumi na moja yaliyoshinda ugonjwa, yakashindwa na wewe. Ukisema hukujua, ungeuliza. Nyumba yangu ina mlango. Naomba kijiji kiamue kwamba utakuja kumwagilia saba yaliyobaki kila asubuhi, kwa mikono yako, mpaka yatoe mbegu, na kwamba mgeni mwingine akija apambiwe kwa kabichi zako.

Ni mimi, mkwe wako, mwenye hasira."