Baiskeli bila keria: nilivyokwenda kutembea Msanzi nikapokelewa kwa kilio

Wakuu, heshima kwenu nyote. Mwenye chai aishike vizuri. Hiki kisa kimenipata mimi mwenyewe na sijakitia chumvi. Mkiona mahali pametetemeka, ni baridi ya Sumbawanga, siyo uongo.

Mimi ni kijana wa Mazwi, hapa Sumbawanga mjini. Shule niliishia kidato cha pili, sasa hivi niko kwenye mashine ya kusaga. Namimina mahindi na ulezi kutwa, jioni natoka mweupe utadhani nimepakwa chokaa.

Ila nina ugonjwa mmoja. Napenda kujua njia inaishia wapi.

Nikiona njia imepinda nyuma ya kilima, situlii mpaka nijue kule nyuma kuna nini. Huku Ufipa mara nyingi kuna kilima kingine. Haijawahi kunikatisha tamaa.

Humu jukwaani nimesoma nyuzi zote za wadau wanaoendesha baiskeli safari ndefu kwa starehe tu. Kuna mmoja alitupia picha anakatiza milima ya Ulaya, pembeni ng'ombe wamevaa kengele. Nilikaa na ile picha wiki nzima. Nikajiwekea ndoto: ipo siku nitatoka Mazwi na baiskeli mpaka Mbala, Zambia. Najua wengine mtasema Mbala siyo nje ya nchi, ni pale tu. Kwangu mimi ni nje. Kuna bendera nyingine.

Sasa kipindi cha kipupwe mkanda wa mashine ukakatika. Bosi akasema pumzikeni mpaka mkanda mpya ufike. Nikaona huu ndio muda wa kufanya mazoezi.

Nina baiskeli ya gia, ya mtumba. Nikaipeleka kwa mshikaji wangu Didas, ni fundi baiskeli hapa hapa Mazwi. Nikamwambia toa keria, toa madigadi, toa stendi. Nilikuwa nimeona kwenye video baiskeli za mashindano hazina hayo makorokoro.

Didas alinitazama, akaniuliza nikinunua mchele nitaubeba kichwani au vipi. Nikamwambia mwana, mimi siendi kubeba kitu, naenda kuendesha. Akafungua nati huku anatikisa kichwa. Keria akaitundika ukutani kwake.

Nikaondoka asubuhi. Jaketi jeusi, suruali nyeusi, kofia nyeusi ya sufu. Siyo kwamba nilipanga, ndizo nguo nzito nilizonazo.

Wakuu, naomba niseme kitu kuhusu ile barabara ya kwenda Matai. Ukitoka mjini ukaacha nyumba nyuma, nchi inafunguka. Nyasi za njano mpaka macho yanachoka, mikaratusi mitatu minne imesimama peke yake, na upepo hauna adabu. Baiskeli ilikuwa nyepesi, nilijiona naelea. Niliimba peke yangu. Nilisalimia hadi ng'ombe.

Kitu kimoja nilikiona ila sikukitilia maanani. Kila niliyempita kwenye baiskeli alikuwa na mzigo nyuma. Gunia la mkaa, ndoo za mafuta, mke na mtoto. Na kila mmoja alinitazama nyuma ya tandiko kwanza, ndipo akanitazama usoni. Mmoja alinipisha kabisa, akavua kofia.

Nikadhani ni heshima ya baiskeli ya gia.

Nilipopita Msanzi nikaona njia ya vumbi inaacha lami na kupinda nyuma ya kilima. Mnanijua tayari. Nikaifuata.

Ile njia ilinipeleka mbali kuliko nilivyodhani. Kilima, bonde, kilima. Mwishoni nikatokea juu ya mteremko, chini kuna nyumba chache na moshi. Maji yalikuwa yameniishia. Nikateremka kwa kasi, vumbi nyuma kama nafukuzwa, nikasimama kwenye nyumba ya kwanza.

Uani kulikuwa na mama mmoja anapiga maharage kwa fimbo. Mguu wake mmoja umevimba, anapiga amekaa. Aliponiona ile fimbo ilisimama hewani.

Nikavua kofia, ndivyo nilivyofundishwa ukiongea na mtu mzima. Pumzi zilikuwa zimekata kabisa. Nikamwambia:

"Shikamoo mama. Nimetoka mjini. Naomba nikae kwanza."

Wakuu, mnaojua, mnajua.

Yule mama aliiachia fimbo. Akaweka mikono kichwani, akaanza kulia kwa sauti ambayo sitaisahau. Alikuwa anaita jina moja, Odilia, Odilia. Kwenye nyumba za jirani wakatoka wanawake wanakimbia, na wao wakapokea kilio bila kuuliza. Mzee mmoja akaja kunishika mkono na kunipa pole ya safari.

Mimi nimesimama na chupa yangu tupu.

Ilinichukua muda kuelewa. Odilia ni binti wa yule mama. Alipelekwa hospitali mjini akiwa na uchungu wa mimba ya kwanza, na shangazi yake, kwa bodaboda. Bodaboda ni yule yule mmoja wa pale, na tangu siku ile hajarudi. Mume wa Odilia yuko Kasanga ziwani, anavua dagaa. Habari hakuna.

Halafu anatokea mtu asiyemjua, mweusi juu mpaka chini, anakimbiza baiskeli haina mzigo wowote, anavua kofia, anasema ametoka mjini na anaomba akae kwanza. Kwa kule mtu wa namna hiyo ana kazi moja tu. Analeta msiba.

Nikaanza kujieleza. Nikasema sijatumwa na mtu, simjui Odilia, mimi natembea tu. Mzee akauliza natembea kwenda wapi. Nikasema siendi popote, naendesha kwa starehe kisha narudi. Wakatazamana. Dada mmoja akawanong'oneza wenzake, ila nilisikia, kwamba labda nimekimbiwa na mke na akili haijatulia.

Mama Odilia hakucheka. Kwake yeye nilikuwa naficha. Na nani angemlaumu? Tunafahamu jinsi habari hizi zinavyopelekwa kwa kupokezana, mtu anaambiwa mgonjwa amezidiwa kidogo, njooni, kumbe mambo yalishaisha.

Pale bondeni mtandao haukamati. Nikasema nipande kilimani nimpigie shangazi. Mama akasema simu ya shangazi haipatikani tangu juzi, labda chaji imeisha. Nikasema basi nimpigie rafiki yangu Didas aende hospitali akaulize.

Akafuta machozi kwa kitenge, akaniambia taratibu:

"Ya simu sitaki, baba. Mama yangu walisema kwa simu anaendelea vizuri. Tulimkuta sanduku limeshafungwa."

Simu nikairudisha mfukoni.

Kisha akainuka. Akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge kingine, ana kibegi kidogo. Akachechemea mpaka kwenye baiskeli yangu. Akasema kama kweli mimi siyo mleta msiba, nimpeleke kwa mwanae, akamwone kwa macho yake.

Akaenda nyuma ya tandiko ili akae.

Akapapasa. Akatazama upande wa huku, akatazama upande wa kule.

"Sasa mimi nakaa wapi?"

Wakuu, nimeshawahi kuaibika. Nimeshawahi kuchanika suruali kanisani. Lakini lile swali lilinipitia mwilini kama maji ya alfajiri. Keria iko ukutani kwa Didas kwa sababu nilitaka kufanana na watu wa video.

Nikamwonyesha bomba la katikati, lakini la baiskeli hizi limelala mteremko. Mtu mzima na mguu ule angejishikilia vipi.

Nikamwambia mama, nipe maji nirudi. Nitamwona mwenyewe, na kesho nakuja kukuchukua na keria.

Alinipa maji na kiazi cha kuchemsha. Akanishika mkono, akanionyesha kule juu nilikotokea.

"Pale unaonekana tangu mbali. Kama kuna uzima, funga mzigo nyuma nikuone nao. Kama hakuna, usiteremke. Geuza tu, nitaelewa."

Kurudi siwezi kusimulia vizuri kwa sababu sikumbuki barabara. Nakumbuka upepo ulikuwa usoni, na ile baiskeli nyepesi ilikuwa nzito.

Hospitali nikaenda moja kwa moja uani, wanakopikia ndugu wa wagonjwa. Nikaulizia shangazi yake Odilia. Mwanamke mmoja akaacha mwiko ndani ya sufuria, akaniuliza mimi ni nani. Nikasema nimetoka kwenu. Uso ukambadilika, akashika kifua, akauliza huko nyumbani nani amekufa.

Mara ya pili siku hiyo hiyo. Nikapiga kelele, "Wazima wote, mama, wazima," kabla ya salamu, kabla ya jina langu.

Akakaa chini kwenye jiwe akacheka peke yake. Akaniambia Odilia amefanyiwa upasuaji, mtoto ni wa kike, mdogo ila ananyonya kwa hasira. Bodaboda naye pikipiki yake imekufa injini, anasubiri kifaa.

Odilia mwenyewe akatoka mlangoni, anatembea kwa kushika ukuta, amejikunja kidogo. Ni binti wa rika langu. Nilipomweleza kilichotokea kwao aliziba mdomo, sikujua analia au anacheka, maana ukicheka na mshono unalia.

Nikamwomba kitu chake nimpelekee mama kama ushahidi, hata kitenge. Akakataa haraka. Nguo ya mgonjwa ikitangulia nyumbani peke yake, mama atazimia. Kweli, nilikuwa naenda kuua mtu tena.

Akafikiria. Akasema:

"Mwambie yale maharage aliyotufungia yana mawe. Karibu nivunje jino."

Kesho yake mapema nikawa kwa Didas. Nilipomsimulia hakunitania hata kidogo, na Didas hutania hata misibani. Akashusha keria ukutani, akaikaza, akaongeza na vile vyuma vya kukanyagia miguu, kisha akafunga kipande cha godoro juu yake.

Mzigo sasa. Uonekane tangu mbali, ila usiniue kwenye vilima. Tukazunguka sokoni mpaka mama mmoja muuza nyanya akatuazima tenga lake tupu, refu linanizidi kifua. Nikalifunga nyuma. Nilionekana kama konokono.

Na njia nzima, wakuu, nilipungiwa mikono. Mtu ni yule yule, jaketi ni lile lile. Tenga tupu tu. Hakuna aliyevua kofia.

Nilipofika juu ya ule mteremko nikasimama kidogo makusudi, nikageuza baiskeli ubavu ili tenga lionekane lote.

Chini uani kulikuwa na mtu amekaa. Nikamwona anainuka. Kisha nikasikia vigelegele, kwanza vya mmoja, halafu vya wengi, vinapanda na upepo.

Niliteremka nalia. Naliandika hili hapa kwa kuwa hamnijui sura.

Mama Odilia alinisikiliza yote, upasuaji, mtoto, shangazi, bodaboda. Alikuwa anaitikia tu kwa kichwa, kama mtu anayengoja kitu. Nilipofika kwenye mawe ya maharage akajipiga paja.

"Huyo ndiye Odilia. Maiti hailalamikii maharage."

Ndipo akaamini.

Tukashusha tenga, akapanda yeye. Kibegi mapajani, na kifuko cha maharage mengine, hayo alikuwa ameyachagua usiku kucha kwa kukosa usingizi. Vilima vikali nilikokota, yeye amekaa anasalimia watu kwa majina.

Kabla ya kukuta lami kuna mteremko mmoja mrefu, umenyooka. Nikashika breki kwa ajili ya mguu wake. Nikasikia ananigonga mgongoni.

"Mbona unaizuia?"

Nikaachia.

Kitenge kilikuwa kinapiga kelele nyuma yangu kama bendera. Yeye alikuwa ameling'ang'ania jaketi langu. Tulipofika chini nikageuka kwa hofu nikadhani nimemtisha. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya upepo, na anatabasamu kama msichana.

Pale kwenye lami ikaja hiace ya kwenda mjini, nafasi ipo, konda akasimama. Nikamwambia mama apande, atafika mapema kuliko mimi.

Akaitazama hiace. Akaniuliza kama mbele kuna mteremko mwingine. Nikasema upo.

"Basi ipite. Odilia amekula, mtoto amenyonya. Nani ananikimbiza?"

Konda alituacha anashangaa.

Wakuu, nilichojifunza siyo kikubwa. Ukiendesha kwa starehe kwenye nchi ya watu, jua kwamba kuna mtu yuko uani anakusoma tangu ukiwa mbali, na wewe hujui kitu anachokingoja. Funga hata kifurushi nyuma. Na ukifika, sema wazima kwanza, pumzi utaivuta baadaye.

Keria haitoki tena. Halafu juzi nimeangalia upya video za wale wanaozunguka dunia nikagundua wana keria mpaka mbele. Nilikuwa nawaangalia wa mashindano, najifananisha na watu wasio na safari.

Mbala bado nitaenda. Mama Odilia amesema ana ndugu zake upande ule, na ameshaniuliza huko kuna vilima vya namna gani.

Sasa niulize, maana hili linaniwasha kweli. Nyie mlioendesha nchi za watu, mgeni akitokea na baiskeli anahema mlangoni, wenyeji wa huko huwa wanafikiri kaleta nini? Na mtu wa namna hiyo anasemaje ili asiwatishe?

Shusheni hapo chini, nasoma zote. Mkanda wa mashine umefika, ila mchana huwa hakuna wateja wengi.