Sala Iliyokuwa na Konokono

Kuna siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu. Ni siku niliyoitwa Nairobi kusoma karatasi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mvua zilikuwa zimetuhepa hata sisi wa milimani, Mghange. Simu zetu zilipigwa kwa duka la Mswahili mmoja kule Voi, na yeye ndiye aliyenitumia mtu niteremke. Alinipa maji kwanza, kisha akanieleza taratibu, kwa adabu yao ya pwani: binti yangu Wakesho, yule aliyekuwa chuoni akisomea uwakili, ameiba mtihani. Walimu wanataka nifike.

Nilikaa pale pale juu ya gunia la mchele. Kwetu mwizi huulizwa ameiba nini, na kitu kikarudishwa kwa mwenyewe. Sasa mtihani unarudishwaje? Mimi shule yangu ilikuwa ndogo. Niliacha darasa la pili nikachunge. Kusoma nilijifunzia kanisani, kwa Injili ya Kidawida, lugha yetu sisi Wataita, nikifuata mstari kwa kidole. Na kwa kidole hicho hicho nilimfundisha Wakesho kabla hajajua chaki ni nini. Baba yake alikufa yeye Wakesho akiwa mdogo. Hakuna msichana wa mlima wetu aliyekuwa amefika alikofika yeye, na akina mama wa kanisa walikuwa wakimtaja kila Jumapili kwenye maombi. Akifukuzwa, nitarudi na uso gani?

Ndugu yangu Mwadime akasema hawezi kuniacha niende peke yangu. Mwadime alikuwa mtu wa biashara kule mjini Maungu, kwenye malori, na aliamini hakuna lango lisilofunguliwa na maneno matamu. Akabeba jogoo. Nikamuuliza jogoo wa nini. Akasema, "Dada, nyamaza. Hata wakili anakula."

Tulipofika Nairobi, Wakesho alitungoja langoni mwa chuo. Alikuwa amekonda. Hakunisalimu vizuri, akanivuta kando na kuanza kusema haraka haraka. Msimamizi wa mtihani alikuta karatasi ndani ya soksi yake, imeandikwa Kidawida. Hakuna mwalimu aliyeweza kuisoma. Basi alipoulizwa, akawaambia ni sala. Sala niliyomwandikia mimi, mama yake.

"Na ni sala?" nikamuuliza.

"Imeanza na jina la Mungu, mama."

Jamani. Sikumlea mtoto wa kunijibu hivyo. Na mjomba wake, badala ya kumkemea, akacheka kidogo. "Hapo ametumia akili. Dada, ukipewa, wewe soma Baba Yetu mpaka amina. Nani humo ndani anajua Kidawida?"

"Mungu anajua," nikamwambia.

"Mungu hayuko kwenye kamati," akasema Mwadime.

Nilimtazama ndugu yangu wa tumbo moja kama mtu nisiyemjua. Askari wa langoni akatuokoa. Alisema kuku haingii, na mwenye kuku abaki naye nje. Mwadime akabaki pale amekumbatia jogoo wake, nasi tukaingia.

Mwanangu, nilitarajia makelele. Shule niliyoijua mimi, ukikosea unainamishwa, unachapwa, yamekwisha. Kule nilikuta meza ndefu na watu watano wametulia. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Yule msimamizi aliyemkamata Wakesho hakukaa na wale watano. Aliwekewa kiti cha pembeni, akaulizwa maswali kama shahidi mwingine yeyote, na Wakesho akaruhusiwa kumuuliza pia. Aliruhusiwa hata kuja na mwanafunzi mwenzake wa kumsemea. Nilishangaa. Mtu ameshikwa na karatasi kwenye soksi, na bado anaambiwa, sema, tunakusikiliza.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mama, pole kwa safari. Binti yako anasema hii ni sala. Sisi hatuwezi kumhukumu mtu kwa lugha tusiyoielewa, na hatukutaka kuwapa wanafunzi wenzake kazi hii. Tumetafuta mtu mwingine wa kuisoma, na yeye atakuja mchana. Lakini wewe ndiye uliyetajwa, kwa hiyo tukaona ni haki tuanze na wewe."

Nikapewa karatasi. Ilikuwa ndogo kama kiganja, herufi zimebanana kama mbegu za mtama. Mwandiko ule nilikuwa naujua tangu ukiwa umepinda. Mstari wa juu kabisa uliandikwa Mlungu, ndiye Mungu kwa lugha yetu. Mlungu nisaidie. Nikashuka mstari wa pili kimyakimya, nikasoma, nikarudia.

Hapo nilijua. Nikainua macho, nikamwona Wakesho ananitazama. Midomo yake ilikuwa imekauka. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini hawakusema mwana mwenyewe atakuwa amekaa hatua mbili mbele yako anakuomba kwa macho. Ningesema tu, ndiyo, ni sala yangu. Huyo msomaji wa mchana nilimsahau kabisa. Nilichoona ni kwamba mtoto wangu ameuweka uwakili wake wote mdomoni mwangu.

Nikaweka kidole kwenye mstari, nikasoma kama ninavyosoma kanisani, neno moja, halafu lingine, nikiligeuza kwa Kiswahili.

"Mungu nisaidie. Mwanamke alinunuliwa soda na rafiki yake. Ndani ya chupa kulikuwa na konokono ameoza."

Mzee mmoja mezani akakohoa. Mwingine akainamisha kichwa. Mimi nikaendelea, sikujua ni nini kimewapata.

"Mwanamke akaugua. Mwenye kutengeneza soda alipaswa kumfikiria jirani yake, hata jirani asiyemjua."

Nitakuambia kweli, hapo nilisita kidogo. Nilifikiri labda ni mfano wa Biblia ambao bado sijaufikia. Kumbe ni kesi ya Wazungu, na hakuna mwanafunzi wa sheria asiyemjua konokono huyo. Wale walimu walimtambua kabla sijamaliza kumtaja.

Mwenyekiti akavua miwani. "Mama, ni wewe uliyeandika?"

"Mwandiko ni wa mwanangu," nikasema. "Konokono huyu mimi simjui. Na hii si sala."

Wakesho akafunika uso.

Tulitolewa nje, tukaitwa tena. Mwenyekiti hakupaza sauti. Alisema mtihani ule umefutwa, na Wakesho ataondoka chuoni mwaka mzima, kisha akitaka arudi. Halafu akasema neno ambalo sijalisahau: "Kwa karatasi peke yake, tungekufutia mtihani, uurudie. Mwaka wa kukaa nje ni wa ile sala. Mtu aliyeshindwa kukumbuka kesi tunaweza kumfundisha. Wakili anayedanganya mbele ya wanaomhukumu, na kumtanguliza mama yake, tutampelekea nani?"

Baada ya hapo, mwanangu, akamweleza namna ya kukata rufaa. Aandike wapi, ampelekee nani, na kwamba wao watano hawatakuwemo. Anayekuadhibu anakuonyesha mwenyewe njia ya kumpinga.

Nje Mwadime akasema tukate rufaa upesi. Wakesho akatikisa kichwa. "Mjomba, nitaandika nini? Kwamba konokono ni malaika?" Hakucheka, wala sisi hatukucheka. Jogoo tulirudi naye Voi.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Wakesho alilima, alibeba mboga sokoni, alichota maji, lakini mimi hakunisemesha ila salamu. Nami sikumsemesha. Wanawake wa kanisa waliponiuliza, niliwaambia yaliyotokea. Mpaka mama mkwe wangu, mkongwe yule, akachoka kutuona. Kwetu hasira ya moyoni haiachwi ikalala, maana humla mtoto na mifugo. Huitwa nje, mtu akainena, akapiga funda la maji na kuyapuliza chini, akabariki. Huko ndiko kutasa. Akatuketisha uani asubuhi na kibuyu cha maji. "Semeni," akasema.

Nikasema, "Nina hasira kwa sababu jina la Mungu nililokufundisha kusoma, umelitia kwenye soksi." Nikapiga funda, nikapuliza.

Wakesho akapokea kibuyu. "Nina hasira kwa sababu ulisoma polepole, mama. Neno moja, halafu lingine. Ungenimaliza mara moja." Akapiga funda.

"Sijui kusoma haraka," nikamwambia. "Unajua hivyo."

Akacheka, maji yakamtoka puani, mama mkwe akasema hayo pia yanahesabika. Kisha mtoto akalia. Tangu siku ile tukawa mama na mwana.

Alirudi chuoni, akaanza upya darasa la watu waliokuwa wadogo wake, akamaliza. Leo ni wakili. Mtu akimletea karatasi ya kiapo, humwambia aisome yote kwa sauti, polepole, ndipo atie sahihi. Wengi hulalamika. Wengine hufika katikati wakaomba karatasi irudishwe.

Basi wewe unayeenda shule, nisikie. Usilolijua, acha nafasi tupu. Nafasi tupu ni aibu ya mchana mmoja. Ukikosea na ukashikwa, usiongeze kosa la pili kulifunika la kwanza, maana la pili ndilo watakalokufukuzia. Usimfanye mzazi wako awe kifuniko, wala Mungu. Na ukimpata hakimu anayekusikiliza kabla ya kukuhukumu, mheshimu hata akikuumiza, kwa sababu hao ni wachache.

Nimeshika maji hapa mlangoni. Hasira sina. Nayapuliza kwa ajili yako: kalamu yako iandike unachokijua. Kinywa chako kisipungukiwe na ukweli. Na siku utakayoanguka, uanguke mbele ya watu wanaokupenda kiasi cha kukusomea mpaka mstari wa mwisho. Enda, mwanangu, na huko uendako kutulie.