Pindo la Gauni

Fundi anayenishonea gauni la harusi huongea na pini mdomoni, na hajawahi kumeza hata moja. Vidole vyake ni vifupi na vigumu kama tangawizi, lakini vikipita juu ya hariri, mimi husahau kilichonileta. Akiona mshono umepinda kidogo, hata kwenye sare ya shule, huguna, akaufumua wote na kuanza upya. Mji huu mdogo nimehamia juzijuzi kumfuata mchumba wangu, na kwa upande wangu sina hata shangazi wa kunisindikiza. Nilimwambia hayo mara moja tu. Akaendelea kukanyaga cherehani kana kwamba hakusikia.

Leo nimelijaribu gauni. Limenikaa kama ngozi, ila pindo lililoshonwa kwa mkono limekwenda upogo: hapa mishono mikubwa, pale imebanana. Nikamtazama. Akatoa pini mdomoni, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

“Hapo ni muuza mkate. Hapa mkunga. Pale mama mwenye nyumba wako, na macho yake yale yasiyoona vizuri. Kila aliyeingia humu nilimpa sindano. Usiniambie nifumue, mwanangu. Hao ndio watakaokusindikiza.”